Mita 50 za mwisho kabla ya gati

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua za wasomaji.

Kila mwaka kusi linapovuma kwa nguvu, kuanzia Juni, maonyo ya usalama katika Ziwa Victoria huwa mengi: vaa jaketi okozi, usijaze mzigo kupita kiasi, sikiliza utabiri kabla ya kutoka. Yaendelee. Ila kuna kipande cha safari kinachosahaulika, nacho ni mita 50 za mwisho kabla ya gati, kwa mtu aliye peke yake ndani ya boti ya tanga. Mbao hupasukia hapo. Vidole hukatikia hapo. Na chanzo karibu kila mara ni kimoja: boti imeletwa upepo ukiwa nyuma, tanga liko juu, na mwenye boti anategemea mguu wake kuisimamisha.

Mguu hauwezi, na hesabu yake si ngumu. Boti ya mbao ya futi 22, ukijumlisha mtu, nyavu na mzigo kidogo, ina kilo 600 hivi. Ikija kwa mwendo wa mtu anayetembea taratibu, mita 1 kwa sekunde, ukataka kuizuia kwa mguu ndani ya sentimita 30, mguu huo unapokea msukumo wa kama kilo 100. Mwendo ukiwa maradufu, msukumo unakuwa mara nne, kilo 400. Goti la kubeba kilo 400 halijazaliwa bado, hata Usukumani.

Upepo nao huzidisha kwa namna hiyohiyo. Wa kilomita 20 kwa saa, ukilipiga tanga waziwazi, hulisukuma kwa kilo 1.5 hadi 2 kwa kila mita ya mraba. Ukifika kilomita 40 kwa saa, kiwango tunachokisikia kila mara katika tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa, ni kilo 6 hadi 7. Tanga la mita 10 za mraba limetoka kusukuma kilo 17 hivi, sasa linasukuma kilo 65, na aliyemo ndani ni mtu yuleyule mmoja.

Sasa tazama ghuba yetu ya Mwanza. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwetu huku kusini mwa ziwa maana yake unatoka kusini au kusini-mashariki. Jua likipanda hutulia, kisha kuanzia kama saa 6 au 7 mchana hugeuka na kuvuma kutoka ziwani, kaskazini na kaskazini-magharibi, mpaka jioni. Kwa hiyo anayerudi Kirumba saa 9 alasiri anasukumwa kwenye mawe, na saa hiyohiyo mwenzake anayeingia Kamanga, ng'ambo ya ghuba, anasukumwa atoke ufukoni. Hawa wawili hawawezi kutumia njia moja. Mawe na vilima vya Mwanza vinaongeza lao: nyuma ya mwamba mkubwa upepo hukatika ghafla, tanga likalegea, halafu upepo ukirudi unatokea upande ambao hukuutazamia. Maji yaliyolainika nyuma ya jiwe yasikufanye udhani umepata utulivu.

Kuujua upepo ulivyo pale gatini, usitazame bendera iliyo juu ya ghorofa. Huko juu kuna upepo mwingine. Tazama moshi wa wanaokausha samaki, tazama mitumbwi iliyotia nanga imeelekeza wapi omo zake, yaani ncha za mbele, tazama hata ndege. Korongo na mnandi waliotua hugeuzia uso kule upepo unakotoka, maana hawapendi manyoya yao yapeperushwe kinyume.

Kazi zote zinazotaka mikono miwili zimalizike mita 200 kutoka gatini. Baada ya hapo mkono mmoja ni wa usukani, mwingine ni wa kamba ya kuongozea tanga, ile wenzetu wa pwani wanayoiita demani, na wa tatu hujaumbiwa.

Kamba iliyo muhimu kuliko zote ni ile ambayo mitumbwi mingi haina, kamba ya ubavuni, inayofungwa katikati ya boti au kidogo nyuma ya katikati. Aliye peke yake akifunga omo kwanza, tezi, yaani nyuma ya boti, inatoka nje na boti inageuka. Akikimbilia tezi, omo nayo inaondoka. Kamba ya katikati huishika boti yote kwa pamoja ikalala sambamba na gati, wewe ukapata muda wa kufunga nyingine bila kukimbia. Unene wa milimita 12 unatosha kwa boti ya futi 20 hadi 25, na urefu wake ulingane na boti yenyewe. Za omo na tezi ziwe ndefu zaidi, mara moja na nusu ya boti. Zote zipitishwe nje ya kila kitu, nje ya kamba za mlingoti na nje ya makasia, zisije zikakwama wakati wa kuvutwa.

Mwisho wa kamba ya ubavuni weka kitanzi kikubwa kama beseni la kufulia, kisha upitishe kamba ya kitanzi hicho ndani ya kipande cha mpira wa kumwagilia bustani ili kikae wazi. Kitanzi cha namna hiyo unakivisha kwenye nguzo ya gati kwa ncha ya upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, miguu yako ikiwa bado ndani ya boti. Kuruka na kamba mkononi ndiko kunakovunja watu vifundo: boti inarudi nyuma kwa nguvu ileile unayorukia mbele, na pengo linaongezeka ukiwa hewani.

Ubavuni ning'iniza matairi matatu au manne ya pikipiki, au madumu ya lita 5 yaliyofungwa vifuniko barabara. Dumu tupu hupokea mgongano vizuri, ila plastiki iliyokaa juani hukatika kwenye mshikio, kwa hiyo lizungushie kamba na kiunoni pia. Yakae kwenye usawa wa ukingo wa gati. Moja liwe mbele, pale ubavu unapoanza kupinda, maana ndipo panapogusa kwanza. Wengi huyapanga yote katikati, ambako hakuguswi kabisa mpaka mbao imeshapasuka.

Kuhusu kamba zenyewe, zile za plastiki za bluu na njano zinazouzwa kwa bei ya chini zinaelea, zinateleza kwenye fundo na jua linazila zikawa kama nyasi kavu. Kwa kufungia turubai la mzigo hazina ubaya. Kwa gati na nanga tumia nailoni, ambayo hunyumbuka kidogo wimbi linapovuta badala ya kukatika au kung'oa kile ilichofungiwa.

Nakuja kwenye upepo unaokusukuma gatini, ambao ndio mgumu. Watu hudhani kuachia demani kunatosha. Upepo ukiwa nyuma, tanga lililoachiwa linakwenda mbele mpaka linaegemea kamba za mlingoti, na linaendelea kuvuta. Ukitaka kulitua halishuki, kwa sababu limebanwa pale na upepo. Umelegeza kamba ya kulipandishia, umelivuta kwa mikono, nalo limeganda. Wakati huohuo foromali, ile boriti inayobeba tanga, imetangulia nje na inafagia vichwa vya watu waliosimama gatini. Boti ya tanga ina breki moja, kugeuza omo kuelekea upepo unakotoka, na mtu aliyekwisha kuingia mita 20 za mwisho upepo ukiwa mgongoni hana tena nafasi ya kugeuka.

Njia ya aliye peke yake hapo ni nanga. Pita kwanza sambamba na gati, nje kidogo, uchague mahali. Endelea kidogo, kisha geuza omo upeponi na uachie demani. Ngoja boti isimame kabisa na ianze kurudi nyuma yenyewe. Ukitazama povu au kipande cha gugu ubavuni utaona. Hapo ndipo ishushe nanga taratibu kwa mkono. Anayeirusha boti ingali inakwenda mbele huipita amari yake mwenyewe, yaani kamba ya nanga, na usukani unainasa.

Nanga ikishafika chini, tua tanga lote na ulifunge, lisibaki hata kona inayopepea. Halafu achia amari kidogo kidogo, ikiwa imezungushwa mara moja kwenye nguzo ya omo, na upepo utakusukuma kurudi nyuma, tezi ikitangulia kuelekea gatini. Kila mita 5 izuie kidogo uone kama nanga imeuma. Imeuma ikiwa omo inageuka mara moja kuelekea upeponi na amari inakaza. Ikiwa unahisi mtetemo wa kukwaruza mkononi, nanga inaburutika, na bado uko mbali kiasi cha kuivuta na kuanza upya.

Urefu wa amari ndio wengi wanaokosea. Pima kina, jumlisha na kimo cha omo juu ya maji, kisha zidisha kwa 5. Maji ya mita 4 na omo ya mita 1 ni mita 5, kwa hiyo amari iliyo nje isipungue mita 25. Mawimbi yakiwa makubwa zidisha kwa 7, mita 35. Ikiwa fupi, omo inapopanda juu ya wimbi inaivuta nanga kwenda juu badala ya kuivuta kwa ulalo, nayo inang'oka. Weka na mnyororo wa mita 2 au 3 kati ya nanga na amari, uilaze chini na uikinge na mawe. Kwa hiyo anayekwenda Kirumba alasiri na amari ya mita 15 hana nanga, ana jiwe la kubeba tu.

Chini ya maji yetu ni matope yaliyochanganyika na mawe, na nanga hupenda kujichomeka kati ya mawe mawili isitoke. Dawa yake ni kamba ya pili, nyembamba, yenye urefu unaozidi kina kwa mita 1 au 2, iliyofungwa kwenye kichwa cha nanga upande wa makucha, na mwisho wake dumu dogo linaloelea. Asubuhi unaivuta nanga kwa kinyumenyume na inatoka.

Wakati boti inarudi nyuma, usukani hufanya kazi kinyume, na maji yakiupiga kutoka nyuma huweza kuuzungusha mpaka ukang'oa bawaba zake. Ushikilie katikati kwa nguvu, au uung'oe na kuuweka ndani, jambo ambalo ni rahisi zaidi kwa mtu mmoja. Ukifika mita 3 kutoka gatini funga amari, visha kitanzi cha kamba ya tezi kwa upondo, kisha rekebisha kamba mbili hizo mpaka pabaki pengo la mita 1 hadi 1.5. Boti ilale hivyohivyo, omo kwa mawimbi, tezi kwa gati. Kuilaza ubavu kwa gati linalopigwa na mawimbi ni kuipeleka kwenye msasa.

Upepo unaotoka gatini ni kinyume chake chote: kusimama ni rahisi, kufika ndiko kazi. Hapo njoo kwa pembe, nusu ya pembemraba, na usiogope mwendo kidogo, kwa sababu upepo utaula. Tanga usilitue kabla kamba ya ubavuni haijashika. Ukikosa nguzo unalihitaji ili uondoke. Achia demani urefu wa boti moja au mbili kabla, tanga lipepee, geuza omo iende sambamba, visha kitanzi, kaza. Ukikosa huna hasara, upepo unakurudisha kwenye maji mapana nawe unazunguka tena. Hata mara tatu si aibu. Wanaosimama gatini na kucheka hawatakulipia ubao.

Na upepo unaokwenda sambamba na gati ndio bora kuliko wote, mradi uingie ukiukabili. Ukiwa nyuma yako, pita, zunguka, uje kutoka upande wa pili. Kama nafasi hairuhusu na lazima uingie nao, tua tanga mapema uje kwa mlingoti mtupu, na safari hii kamba ya kwanza iwe ya tezi au ya ubavuni ikivuta kuelekea nyuma. Ukianza na omo, upepo utaikamata tezi na kuizungusha boti yote mpaka itazame ulikotoka.

Haya yote yanadai ujue boti yako inateleza umbali gani baada ya tanga kuachiwa. Hilo huwezi kulijulia gatini. Toka kwenye maji mapana siku ya upepo wa kawaida, tupa dumu lenye maji nusu, likaribie kana kwamba ni nguzo, geuza upeponi na uhesabu boti ngapi za urefu zimepita kabla hujasimama. Rudia ukiwa na mzigo. Boti tupu kwenye upepo mkali husimama ndani ya urefu wa boti 1 au 2; iliyojaa ndizi au mkaa huendelea kuteleza mbali zaidi, na aliyezoea boti tupu hushtukia gati limemfikia. Kumbuka pia kwamba boti ikishasimama usukani haufanyi kitu, kwa sababu unataka maji yanayopita. Omo itaanguka upande upepo unakokwenda, na kuuzungusha usukani huku na huko ni kujichosha. Mitumbwi ya chini bapa isiyo na mkuku wa maana, ule uti wa mgongo wa chini ya boti, nayo haiwezi kuukabili upepo wala kwa dawa. Mwenye mtumbwi huo atue tanga mbali na aingie kwa kafi.

Kamba ikishafika kwenye nguzo, usiizungushe mkononi kamwe. Izungushe kwenye nguzo. Mizunguko miwili kwenye nguzo ya mbao, mkono unaovuta kilo 5 unaweza kushikilia zaidi ya kilo 100, kwa sababu msuguano ndio unaofanya kazi, na ukitaka kulegeza unalegeza taratibu. Kidole kilichobanwa kati ya kamba na nguzo hakina fundi.

Magugu maji yanataka neno lake. Upepo wa ziwani huyarundika kwenye ufuko uleule unaoukabili, kwa hiyo alasiri unakuta gati limezungukwa na zulia la kijani. Boti husimama ghafla ikiwa bado mita 5 au 10 kutoka nguzo, usukani unajaa mizizi, na chini ya majani hayo huoni mawe wala vigingi. Ukiliona zulia mapema, nanga na tezi ndiyo njia bora hata kama upepo si mkali, maana unaweza kujivuta kwa upondo na kujirudisha kwa amari. Kushuka na kutembea majini ukiivuta boti ndiyo desturi yetu, na ndiyo inayotupa kichocho; mamba wa sehemu nyingine za ziwa hili nao hawasubiri jioni.

Mvua ya radi ikionekana inakuja, usishindane nayo kufika. Kabla ya matone upepo hugeuka na kuongezeka ndani ya dakika chache, na anayekutwa mita 30 kutoka gatini yuko mahali pabaya kuliko aliye kilomita 1 nje. Tia nanga kwenye kivuli cha kisiwa au mwamba, tanga chini, jaketi mwilini, ngoja. Mara nyingi hupita ndani ya saa moja.

Mhariri, yaliyosalia ni ya wanaojenga na kusimamia magati na mialo yetu. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020, na tena 2024, kingo na vigingi vya zamani vingi vilifunikwa, na vingine viko chini ya maji mpaka leo bila alama. Magati mapya nayo hujengwa kwa kipimo cha meli na vivuko: ukingo uko juu ya kichwa cha aliyeketi kwenye boti, na nguzo ya kufungia iko mbali na ukingo, hata upondo wa mita 4 hauifikii. Ziwa halina maji kupwa na kujaa kama pwani, kwa hiyo pete za chuma zinaweza kufungwa chini, kimo cha kiuno juu ya maji, moja kila mita 3, bila kuogopa kwamba zitazama kila baada ya saa kumi na mbili hivi. Ngazi moja ya chuma kila mita 15, na matairi ya magari yaliyofungwa kwa mnyororo kati ya pete. Vikundi vya BMU, yaani vya wavuvi vinavyosimamia mialo, vinaweza kuweka vijiti vyenye kitambaa chekundu juu ya vigingi vilivyozama hata kesho, hakuna bajeti inayohitajika kwa hilo. Na ule upande wa gati usiopigwa na upepo wa alasiri uachwe wazi kuanzia saa 8 mchana kwa wanaorudi na tanga, badala ya kujazwa mitumbwi ya mashine ambayo ingeweza kulala popote.

Wako,
Mwendesha boti ya tanga,
Igombe, Mwanza